Fedha kwa hela: kabla hujabadilisha rupia za babu kwa kilo ya senti kuukuu

Ndugu mkulima, leo naweka mbegu na mbolea pembeni. Mzee mmoja wa kata yangu alinionesha kopo lenye rupia nne za Mjerumani na shilingi moja ya 1950. Mnunuzi anayezunguka vijijini alikuwa tayari kumpa kilo nzima ya senti za zamani za shaba kwa sarafu hizo tano. Mzee akaniuliza, "Bwana shamba, nikubali?"

Jibu limo ndani ya maneno tunayotumia kila siku. "Fedha" ni jina la madini yenyewe. "Pesa" ilikuwa sarafu ndogo ya shaba, tuliyoipata kwa Wahindi, na pesa 64 zilifanya rupia 1. "Hela" ni heller ya Mjerumani, iliyoshika nafasi ya pesa mwaka 1904, hela 100 kwa rupia 1. Kodi ya kibanda ilipoanza mwaka 1898, kijijini ilikuwa rupia 3. Kwa hesabu ya siku hizo ni pesa 192. Fikiria mtu anazihesabu mbele ya akida!

Sasa angalia uzito. Rupia ina gramu 11.66, na katika kila sehemu 1000 za uzito huo 917 ni fedha, yaani karibu gramu 10.7 za fedha halisi. Hela moja ina gramu 4, kwa hiyo hela 100 ni gramu 400. Shaba hiyo peke yake haikuwahi kufikia thamani ya rupia. Iliyoifikisha hapo ni amri ya serikali, na amri hudumu kadiri serikali inavyodumu.

Vita Kuu ya Kwanza ilionesha jambo hili vizuri. Mwaka 1916 Mjerumani alikuwa amefungiwa bahari, sarafu haziji, akaanza kuzigonga mwenyewe katika karakana ya reli Tabora. Hela 20 za Tabora zilitengenezwa kwa shaba na kwa shaba nyeupe ya maganda ya risasi. Mwaka huohuo Tabora ikaanguka. Baadaye Mwingereza akaleta shilingi. Aliyebaki na rupia alibaki na fedha ya kupeleka kwa sonara, aliyebaki na gunia la hela alibaki na shaba.

Turudi kwenye kopo. Rupia nne zina karibu gramu 43 za fedha. Bei hupanda na kushuka, lakini gramu ya fedha leo inazidi gramu ya shaba zaidi ya mara 50. Kwa kipimo hicho cha chini, mnunuzi angepaswa kuleta kilo 2 na zaidi, na yeye alileta moja. Hapo sijahesabu kwamba wakusanyaji hulipa rupia nzuri kuliko uzito wake.

Ile shilingi ya 1950 ni habari nyingine. Ina simba na milima, inang'aa, lakini haina fedha hata chembe. Shilingi za 1921 hadi 1946 zina robo tu ya fedha, chini ya gramu 2 kila moja. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli. Wengi huchanganya hapa, wauzaji na wanunuzi pia.

Nisiwe mwonevu kwa shaba: hela 20 za Tabora hutafutwa na wakusanyaji. Lakini senti 10 yenye tundu ya 1936, yenye jina la Edward wa Nane aliyeacha ufalme mwaka huohuo, husifiwa kuwa adimu ilhali ziligongwa nyingi mno.

Ukiletewa biashara hii, soma mwaka, kisha pima kwenye mizani ya sonara, si ya nyanya. Sumaku haitakusaidia sana, maana hainasi fedha wala shaba. Na tafadhali usisugue sarafu kwa majivu au ndimu, mkusanyaji akiona mikwaruzo anashusha bei.

Mzee alizirudisha rupia zake kwenye kopo. Ile shilingi ya 1950 aliitoa kwa senti kumi na mbili zenye tundu, na wajukuu wamezitunga kwenye uzi wakavaa.