Chuku, Hijama na Sukari ya Wazee

Leo tuzungumze juu ya chuku, ambayo Waislamu wengi huiita hijama. Pengine baba mkwe ana kisukari, na jirani amekwambia: "Mpelekeni akaumikwe, damu chafu itoke, sukari itashuka." Kabla hujamjibu, sikiliza ilikotoka.

Kuumika ni jambo la kale mno. Wamisri na Wayunani waliumika karne nyingi kabla ya Uislamu. Chuku yenyewe ilikuwa pembe ya mnyama: mwumikaji huibandika kwenye ngozi, hufyonza hewa kwa mdomo, kisha huziba tundu kwa nta. (Tukisema fulani anapiga chuku, yaani anatia chumvi maneno, neno ni hilo hilo.) Waganga wa Kiyunani waliamini maradhi huja pale damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi zinapozidiana, na kwa hiyo damu ipunguzwe. Baadaye Mtume Muhammad naye aliumikwa na kuisifu hijama, ndiyo maana Waislamu wanaiheshimu hadi leo.

Sasa mtazame Ibn Sina, tabibu mkubwa wa Uajemi aliyefariki mwaka 1037. Katika kitabu chake, Al-Qanun, alieleza mahali pa kuumika, wakati wake, na nani anafaa. Lakini humo humo aliandika kwamba mtu akishapita miaka 60 asiumikwe kabisa. Hilo jirani hakukwambia! Na kisukari Ibn Sina alikijua. Aliandika juu ya mkojo wenye utamu. Ila sababu yake ilichelewa kujulikana. Mwaka 1889, huko Ujerumani, Minkowski na von Mering walimtoa mbwa kongosho, akapata kisukari. Mwaka 1922, mjini Toronto, mvulana wa miaka 14 alidungwa insulini, akapata nafuu.

Kwa hiyo kisukari si uchafu wa damu. Ni insulini kupungua, au mwili kutoitii. Ukichota kikombe kimoja cha chai katika birika, chai iliyobaki haipungui utamu. Na damu ni vivyo hivyo.

Hapa pana mtego. Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu. Mzee akitolewa damu mara kwa mara, mwili hutengeneza chembe mpya ambazo hazijakaa na sukari muda mrefu, na kipimo kinaweza kuonyesha nafuu ambayo haipo. Basi mwambie daktari kama mzee ameumikwa.

Hata hivyo mzee anaweza kushikilia hijama kwa imani yake. Usigombane naye. Mwombe tu aendelee na dawa zake, na amwone daktari kwanza, hasa akiwa anatumia aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Wembe uwe mpya, unaotumiwa na yeye peke yake, maana virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini hupitia humo. Kidonda chake kitazame kila siku, kwa kuwa mwenye kisukari hupona polepole. Na wengine huambiwa waende bila kula. Aliyemeza vidonge vya sukari au kudungwa insulini akikaa na njaa, sukari yaweza kushuka ghafla: atatokwa jasho, atatetemeka, atachanganyikiwa. Akiwa bado anaweza kumeza, mpe upesi maji yenye vijiko vitatu vya sukari. Asipoweza, usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.