Uhandisi wa fedha: kabla sijajaza fomu

Wadau, mwakani namaliza, na kila mtu ananiuliza: mastaz ya nini, wapi? Nimeng'ang'ania uhandisi wa fedha, ila kwanza nimechimba historia yake, maana vyuo vyote vinajisifu sawasawa.

Kumbe fani yenyewe kongwe! Mwaka 1900 Louis Bachelier aliwasilisha Paris tasnifu ya hisabati juu ya bei za soko zinavyoyumba. Ikalala miongo mingi. Mwaka 1973 Fischer Black na Myron Scholes wakachapisha fomula ya kukadiria bei ya opsheni, yaani haki ya kununua au kuuza hisa baadaye kwa bei iliyopangwa leo. Mwaka huohuo Chicago ikafungua soko la opsheni. Mabenki yakaanza kusaka wanahisabati, vyuo vikafuata. Carnegie Mellon ilianza shahada yake 1994.

Sasa sikieni hii. Scholes na Robert Merton walipata Nobel mwaka 1997. Mwaka uliofuata, mfuko wa LTCM, ambao wote wawili walikuwa washirika wake, ukayumba vibaya baada ya Urusi kushindwa kulipa madeni. Mabenki yakachanga kama dola bilioni 3.6 kuuokoa.

Kwa hiyo kigezo changu si jina la chuo. Natazama orodha ya masomo: je, kuna linalofundisha fomula inadanganya lini? Kama lipo, naomba. Kama halipo, siendi, hata kiwe maarufu vipi. Ada hiyo inachangwa na ukoo mzima, jamani. Nyie mnaonaje?