Midoli ya wakongwe wa mieleka: toka sakafuni hadi kabatini

Mwaka 1984 kampuni ya LJN ya Marekani iliingiza sokoni midoli ya mpira ya mastaa wa WWF, urefu kama inchi 8. Mkono haukunji, goti halikunji. Watoto waliigonganisha sakafuni mpaka rangi ikabanduka. Mwaka 1990 Hasbro wakaja na ya plastiki, midogo zaidi na yenye mapigo yake, wakaacha 1994.

Watoto wale wakakua, wakashika mshahara. Jakks Pacific wakaliona hilo: mwaka 2004 wakatoa Classic Superstars, midoli mipya ya wakongwe, hadi waliotamba kabla ya enzi za LJN. Mattel wakapokea kijiti 2010, na 2017 wakatoa Retro, inayofanana kabisa na ile ya Hasbro.

Wakongwe wengi walishafariki, wengine hata 50 hawakufika. Kwa shabiki, mdoli ndio umebaki. Hapo ndipo ubishi unapoanza: ukifungua boksi, bei inashuka, usipofungua, staa wako anabaki nyuma ya plastiki, hajawahi kushikwa. Ule wa LJN uliobanduka rangi hauna bei kubwa, lakini ulishapigana.