Kipimo Kilichofanywa Amana: Habari za Rafu ya Kuunga kwa Vipande

Katika vyombo vyote vya nyumba, ni vichache vilivyogeuza mwamala wa fundi na mwenye nyumba kama ilivyougeuza rafu ya ukutani inayouzwa kwa vipande, ambayo mnunuzi huichukua ikiwa imelala bapa ndani ya maboksi, akaifunga kwa mikono yake mwenyewe, akaipanua akitaka na kuihamisha akihama, pasipo kumwita seremala. Zama za nyuma seremala alifika nyumbani na futi yake, akaupima ukuta, akauliza ni vitu gani vitakavyohifadhiwa, akarudi karakanani kupasua mbao, kuranda na kuchimba viungo kwa patasi. Na siku ya kulileta kabati hapakuwa na mtu mwingine aliyevijua vipimo vyake isipokuwa yeye, na alipofariki au kuhama elimu ile ilikwenda naye. Kwa muda wa takriban miaka mia elimu hiyo ilitolewa kidogo kidogo kichwani mwa seremala, ikatiwa ndani ya tundu, kingo na kulabu za vipande vyenyewe. Mimi naiita amana, kwa sababu mtu anunuaye vipande vitatu leo amemwamini asiyemjua, kwamba kipande cha nne, atakachokihitaji watoto wakikua na vitabu vikizidi, kitakubaliana na vile vya kwanza.

Mwanzo wake ulio wazi zaidi ni Marekani, ambako Otto Wernicke aliandikisha mwaka 1892 uvumbuzi wake wa kabati la vitabu lenye kukua. Kampuni yake ilinunuliwa mwaka 1899 na kampuni ya Globe ya mji wa Cincinnati, na kabati likajulikana ulimwenguni kwa majina mawili yaliyounganishwa, Globe-Wernicke. Lilikuwa ni masanduku ya mbao yaliyo wazi mbele, kila moja na mlango wake wa kioo ulioinuliwa juu kisha ukasukumwa ndani, na masanduku hayo yalipandana, chini yakiwa na tako la kuyabeba na juu taji la kuyafunika. Wakili kijana aliyekuwa na vitabu vya kujaza sanduku moja alinunua tako, sanduku moja na taji, na kila mwaka sheria zilipoongezeka aliliinua taji akaongeza sanduku chini yake. Kabati lilikuwa limetimia kila siku, wala halikuisha kamwe.

Lakini kabati la Wernicke lilikuwa ghali, na masikini alikuwa na haja ya rafu vilevile. Mwanamke Mmarekani, Louise Brigham, alipokaa katika visiwa vya Spitsbergen, karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, mahali pasipoota mti wa kupasuliwa mbao, aliyatazama makasha yaliyoletwa na merikebu yakiwa yamesheheni vyakula na zana, akayafungua akayafanya meza, viti na rafu. Aliporejea kwao alitoa mwaka 1909 kitabu kilichowafundisha watu kujitengenezea samani kwa makasha ya bidhaa, na baadaye akaziuza samani zilizokatwa tayari kufungwa nyumbani. Namtaja kwa taadhima, maana katika masimulizi ya watu wa viwanda jina lake hupitwa, ilhali ndiye aliyeamini mapema kuliko wengi kwamba mama wa nyumbani, akipewa kipimo sahihi na maelezo ya haki, hana upungufu wa akili ya kujenga.

Wadenmark ndio waliouliza swali lililo gumu kuliko yote: kipimo chenyewe kitoke wapi? Kaare Klint, aliyeanza kufundisha sanaa ya samani katika chuo cha kifalme cha Copenhagen mwaka 1924, aliwazoesha wanafunzi wake kupima kabla ya kuchora. Wapime mwili wa mtu, na wapime pia sahani, shuka na nguo zilizokunjwa, kwa kuwa kabati si umbo la kupendeza macho tu bali ni nyumba ya vitu, na nyumba haijengwi pasipo kuwajua wakazi wake. Mwanafunzi wake, Børge Mogensen, akishirikiana na Grethe Meyer, aliifikisha tadbiri hiyo mbali mwanzoni mwa miaka ya 1950, walipounda makabati ya kujengea ukutani. Walichunguza kwanza familia ya kawaida ya Kidenmark huwa na mashati mangapi, uma na visu vingapi, shuka ngapi, na kila kimoja kikikunjwa au kulazwa huchukua nafasi gani, kisha ndipo wakakata upana wa mtoto wa kabati na kina cha rafu. Shati lililokunjwa likawa ndilo linaloiamuru mbao. Mimi sijaona katika historia nzima ya useremala unyenyekevu mkubwa kuliko huo, wa bingwa wa sanaa kukaa na kuhesabu vijiko vya watu.

Kule Marekani, George Nelson alikuwa ameutazama ukuta wenyewe. Yeye na mwenzake Henry Wright waliona kwamba kuta za ndani za nyumba nyingi ni tupu katikati, wakasema unene ukiongezwa hata ufike kiasi cha futi moja, ukuta utameza vitu vyote vilivyotawanyika sebuleni. Wazo lao lilitangazwa katika gazeti la Life mwezi Januari 1945, nalo likawashangaza watu. Wenyeji wa pwani yetu wangelishangaa kidogo tu, kwa sababu katika majumba ya mawe ya Lamu mafundi walikwisha jenga karne nyingi zilizopita zidaka, safu juu ya safu ndani ya unene wa ukuta, humo zikakaa kaure na misahafu. Ila zidaka hazihamishwi, na mwenye kuhama huziacha.

Rafu ya kuhama nayo ilitoka Sweden. Mwaka 1949 wachapaji wa vitabu wa Bonnier, waliotaka vitabu vyao viingie katika nyumba za watu wa kawaida, walitambua kwamba mtu asiye na rafu hanunui vitabu, wakatangaza shindano la kubuni rafu iliyo rahisi kwa bei, nyepesi kusafirisha na isiyosumbua kufunga. Mshindi alikuwa Nisse Strinning, msanifu wa majengo, aliyefanya kazi pamoja na mkewe Kajsa. Alichukua vyuma vyembamba vilivyovishwa plastiki, namna aliyokwisha itumia kwa kichanja cha kukaushia vyombo, akavifanya ngazi za kusimama ukutani, na ubao wa rafu ukaning'inizwa katika vidato vya ngazi kwa ncha zilizopindwa. Hapana fremu nzito wala mgongo wa mbao. Ukuta wenyewe ndio mgongo. Ukitaka rafu ipande, unainyanyua na kuitundika kidato cha juu, na ukitaka safu ya pili kando yake, unaongeza ngazi moja tu, kwa maana ngazi ya katikati hubeba mbao za pande mbili. Rafu hiyo, String kwa jina, ilipata medali ya dhahabu katika maonyesho ya Milan mwaka 1954, na hata sasa inauzwa.

Baada yake, Dieter Rams wa Ujerumani alibuni mwaka 1960 rafu iliyokuja kuitwa 606, kwa kampuni ya Niels Vitsœ na Otto Zapf. Nguzo yake ni ya alumini yenye tundu zilizopangwa kwa usawa, na rafu ya bati la chuma lililokunjwa hushikwa na pini ndogo zinazosukumwa kwa kidole, bila bisibisi wala nyundo. Kampuni imeendelea kutengeneza vipande vipya vya kukubaliana na vya zamani, na kwa hilo nailinganisha na mdhamini mwaminifu, kwani kubadili nusu inchi kungeliwalazimisha wateja wote wanunue upya, na faida ya siku moja ingelikuwa kubwa.

Wakati huohuo viwanda vya Ujerumani, vilivyokuwa na taifa zima la kulipatia samani baada ya vita, vilikuwa vimeachana na mbao za msitu vikashika ubao wa vumbi na vipande vya mti vilivyogandishwa kwa gundi, uvumbuzi wa Max Himmelheber wa miaka ya 1930. Ubao huo hauchimbwi viungo vya patasi, sharti utobolewe. Mashine yenye keekee nyingi kwa safu ilitoboa kwa mpigo mmoja, na kwa kuwa magurudumu ya meno yanayozungusha keekee hizo hayakuweza kukaribiana zaidi, tundu zilitengana kwa milimita 32. Hivyo dosari ya mashine ikawa kanuni: tundu la milimita 5, safu ya kwanza milimita 37 kutoka ukingo wa mbele, na kila tundu milimita 32 kutoka kwa jirani yake. Kutoka hapo bawaba, reli na vishikio vya rafu vya makampuni yaliyokuwa yakishindana viliweza kuingia katika kabati lilelile.

Habari za IKEA zinajulikana na wengi, nami sitazirefusha; Gillis Lundgren, anayesimuliwa kuwa aling'oa miguu ya meza mwaka 1956 ili iingie garini, ndiye aliyebuni mwaka 1979 rafu ya Billy, ambayo leo upana wake wa kawaida ni sentimita 80. Upana huo una hekima. Ubao wa rafu uliobeba vitabu sawasawa kutoka ncha hadi ncha, ukirefushwa mara mbili, hunepa mara 16, si mara mbili kama mtu anavyodhani. Ndiyo sababu rafu za vipande huwa fupi na nyingi, na anayeunganisha mbili kuwa moja ndefu ili kukwepa nguzo ya katikati atauona ubao umelegea kabla ya mwaka kuisha.

Mwenye kutaka kuifunga kwa mikono yake na aupime ukuta mahali patatu, chini, katikati na juu, kwa sababu ukuta ulio sawa kabisa ni nadra, akashike kipimo kilicho kidogo. Achore kwenye karatasi ya mirabaa, vizito viwe chini. Kisha nguzo ya kwanza aisimamishe kwa timazi na rafu ya kwanza ailaze kwa pimamaji, bila haraka, maana upotovu wa hapo huongezeka kwa kila kipande kinachofuata. Na asiache kuifunga ukutani. Mwaka 2016 IKEA ilitangaza kuyarudisha makabati milioni 29 yaliyouzwa Marekani, baada ya watoto kadhaa kufa kwa kuangukiwa na makabati yasiyofungwa ukutani. Kwa msiba huo najua kwamba amana hii ina pande mbili: kiwanda kisiuze chombo kinachosimama kwa bahati, na mfungaji asiione kazi imekwisha hali skrubu ya mwisho imo mfukoni.

Yuko pia aliyeupinga mtindo wote. Enzo Mari wa Italia, akiona kwamba mtu anayefuata picha na kukaza skrubu hajifunzi kitu, alitoa mwaka 1974 michoro 19 ya samani za mbao za kawaida na misumari, akampelekea bure kila aliyemletea stempu ya posta, na akavikataza viwanda na wafanyabiashara kuitumia kwa faida. Namstahi sana, na aliyeipigilia rafu yake mwenyewe huijua sababu ya kila mbao. Lakini mchoro wa Mari humaliza kazi yake msumari wa mwisho unapoingia, ilhali kipimo kilicho katika tundu huendelea kuwatumikia wasiokuwepo siku ile.

Ushahidi wake uko karibu. Katika karakana za Keko, Dar es Salaam, seremala akikata kabati la ubao wa MDF kwa ajili ya ukuta wa mteja, hutoboa shimo la milimita 35 kwa ajili ya kikombe cha bawaba, naye hahitaji kujua bawaba itanunuliwa duka lipi wala ilitengenezwa nchi gani. Ikivunjika, mwenye nyumba ataichukua mfukoni hadi duka la vifaa vya ujenzi, atapewa nyingine ya kiwanda kingine, na ataifunga mwenyewe jioni hiyohiyo.