Ngome ya Vuga

Tulipiga hema karibu na Vuga, milimani Usambara, pamoja na watoto wetu. Walitamani kuona ngome ya Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa aliyefariki mwaka 1862. Wakaona migomba tu, wakanung'unika: mbona nyumba za Wadachi pale Lushoto zingali zimesimama?

Tukawaonyesha magenge. Mji ule ulijengwa kwa miti na majani. Mlima ndio uliokuwa ukuta wake. Krapf, mmisionari, alipokuja mwaka 1848, alipanda njia ndefu kabla ya kuonana na mfalme. Lakini baada ya Kimweri, jamaa zake wenyewe waligombea kiti, na Vuga ikachomwa moto.

“Nani aliyeleta vita?” akauliza mdogo wao. Tukamwelekeza Mazinde, chini bondeni, alikokaa Semboja, mwana wa Kimweri.