Gereza: Neno Moja na Mizimu ya Ngome Tatu

Mwanahistoria aambiwapo kwamba jengo fulani la kale lina mizimu, aghalabu hutabasamu na kupita. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa dharau hiyo ina hasara, na shahidi wetu wa kwanza ni neno la kila siku: gereza.

Neno hili latokana na igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Irabu ya mwanzo ilidondoka, konsonanti mbili zilizoandamana zikatenganishwa kwa irabu, na j ya Kireno ikawa z. Maana nayo ilihama pamoja na majengo. Huko Unguja, Waomani waliwatoa Wareno mwaka 1698, wakajenga Ngome Kongwe mahali palipokuwa na kanisa. Katika karne ya 19 ngome hiyo ikawa mahali pa kufungia watu. Kanisa lilikuwa ngome, ngome ikawa kifungo.

Mombasa ina ushahidi mzito zaidi. Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, aliyebatizwa Goa kwa jina la Jerónimo Chingulia, aliasi na kumuua kapteni wa Kireno humo humo ngomeni. Tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698 ngome ilizingirwa, na maradhi yakawafyeka waliokuwamo, Wareno na Waafrika pamoja. Kisha, tangu 1895 hadi 1958, Waingereza waliifanya jela. Ngome ya Lamu, iliyokamilika mwaka 1821, iliendelea kuwa jela hata baada ya uhuru, hadi 1984.

Yawezekana msomaji akapinga: mbona mibuyu na mapango pia yana mizimu, na hakuna aliyefungwa humo? Pingamizi hilo lina uzito, lakini lugha yenyewe yalijibu. Mzimu wa pangoni huendewa kwa ubani na maombi. Neno hilo hilo hutaja hata mahali pa kutambikia. Wa gofu huogopwa tu, wala hauna wa kuutambikia. Wa kwanza una jamaa zake. Wa pili ni wa watu waliokufa mbali na kwao, bila jamaa wa kuwaombea.

Hapo ndipo ilipo kazi yetu. Nyaraka zimehifadhi majina ya makapteni na ya watawala. Wafungwa na watumishi waliofia ndani ya kuta hizo wametajwa kwa nadra. Simulizi za vivuli na vilio huenda zikawa ndiyo kumbukumbu pekee ya kuwapo kwao. Si hoja kuziamini au kuzikana. Yafaa zikusanywe kutoka kwa wazee kwa lahaja zao, zilinganishwe na tarehe zilizothibitishwa, na kila msamiati wa hofu uandikwe kama ulivyotamkwa. Zikiachwa ziwe burudani ya watalii, jini lisilo na mwaka wala kabila litachukua nafasi ya mtu aliyekuwa na vyote viwili.