Samaki wa Mikokoni na Kisaka Hitilafu

Nembo ya programu iitwayo GDB ni samaki. Si papa wala nyangumi, ni samaki mdogo wa maji ya mikokoni anayejaza maji kinywani, akatokeza mdomo juu na kumlenga mdudu aliyetua kwenye jani. Mdudu akidondoka, samaki ameshapata mlo. Mtu wa Nyamisati au Mbuchi hahitaji kuelezwa samaki wa namna hiyo angeishi wapi. Delta ya Rufiji ina takriban hekta 53,000 za mikoko, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara, na vijiji vyake viko wilayani Kibiti. Ila samaki huyo mwenyewe hajawahi kufika huku. Makazi yake yanaanzia India na kuelekea mashariki, hadi Australia na visiwa vya Pasifiki.

Kwa nini programu ya kompyuta ijitambulishe kwa samaki? Ni utani wa Kiingereza. Katika lugha hiyo kosa lililojificha ndani ya programu huitwa bug, yaani mdudu, na chombo cha kulifuatilia huitwa debugger. GDB, iliyoandikwa na Richard Stallman mwaka 1986, ni mojawapo ya vyombo vya aina hiyo vinavyojulikana zaidi. Samaki atemaye maji kuwaangusha wadudu ni picha inayomchekesha msomaji wa Kiingereza papo hapo. Msomaji wa Kiswahili huona samaki tu.

Hapo ndipo kazi ya mfasiri inapoanza, na huwa ngumu zaidi siku toleo jipya linapotoka. GDB ilitoa toleo la 14.1 Desemba 2023, la 15.1 Julai 2024 na la 16.1 Januari 2025. Kila mara tovuti ya mradi hubidi ipanguliwe: habari mpya ipande juu, namba ya toleo ibadilishwe, kiungo cha kupakulia kielekezwe kwenye faili jipya, mwongozo ubadilishwe, na orodha ya mabadiliko iwekwe ili mtumiaji ajue kilichoongezwa na kilichoondolewa. Anayetaka kuyaandika hayo kwa Kiswahili atapata maneno mengi yakiwa tayari. Tovuti lipo. Kiungo lipo. Toleo ni lilelile la magazeti na vitabu, likitokana na kutoa. Kusasisha limechongwa kutoka kwenye sasa, nalo limeshakubalika. Atakwama kwenye neno moja tu, nalo ndilo jina la chombo chenyewe.

Wepesi wa maneno hayo mengine una sababu. Kupakia na kupakua hayakuzaliwa kwenye intaneti. Yametoka gatini, ambako jahazi hupakiwa boriti na magunia, na jikoni, ambako wali hupakuliwa sufuriani ukaenda kwenye sinia. Aliyeyahamishia kwenye kompyuta aliona kwamba faili nalo ni shehena: linatoka huku, linashushwa kule. Abiria anayesubiri boti ya Mafia pale Nyamisati, simu mkononi, anatumia kitenzi kilekile kwa mzigo wake na kwa wimbo anaouchukua mtandaoni, wala hashtuki. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulipita njia hiyohiyo: kutafuta maneno ambayo karani au mwalimu angeyaelewa bila kukimbilia kamusi.

Basi, bug ni nini kwa Kiswahili?

Tafsiri ya neno kwa neno ingekuwa mdudu. Waingereza na Wamarekani wana historia inayolibeba neno lao. Thomas Edison alilitumia kwa matatizo ya mitambo yake katika barua ya mwaka 1878, miongo mingi kabla ya kompyuta. Kisha tarehe 9 Septemba 1947 wahandisi wa mashine ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard walimkuta nondo amenasa kwenye swichi ya ndani. Wakambandika kwa utepe kwenye daftari la kazi na kuandika kando yake kwamba, safari hii, mdudu wa kweli amepatikana. Mtaalamu wa kompyuta Grace Hopper alikisimulia kisa hicho mara nyingi hadi kikaenea, na daftari sasa limehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian nchini Marekani. Utani wao ulinoga kwa sababu neno lilikuwa limezoeleka kabla ya nondo kuingia.

Mdudu wa Kiswahili ana shughuli nyingine. Ni jina la ugonjwa wa kidole kinachovimba na kutunga usaha karibu na ukucha. Kwenye baa za Dar es Salaam ni nyama ya nguruwe, na anayeagiza mdudu nusu kilo hasubiri programu. Ukiandika kwamba toleo jipya la GDB limeondoa wadudu kumi, msomaji mmoja atacheka na mwingine atadhani kompyuta zilipuliziwa dawa.

Kwa hiyo waandishi wengi wamekwenda kwenye maneno ya kawaida: kosa, kasoro, dosari, hitilafu. Yote yanaeleweka, lakini hayalingani. Kosa humwelekea mtu, maana penye kosa kuna mkosaji. Kasoro ni upungufu, kitu hakijatimia, ndiyo maana saa moja kasorobo bado haijawa saa moja. Dosari ni doa juu ya kitu kinachoendelea kutumika. Hitilafu, yenye asili ya Kiarabu, inabeba maana ya tofauti, mambo mawili kutokwenda pamoja. Tangazo la shirika la umeme linaposema kuna hitilafu kwenye njia ya kusafirishia umeme, halimlaumu mtu wala halisemi nguzo imepungua; linasema kinachotakiwa kutokea hakitokei.

Maana hiyo inaikaa programu kama kifuniko na chungu chake. Tuchukue mfano wa boriti za mikoko, ambazo kwa desturi ya pwani huhesabiwa kwa korija, korija moja ikiwa boriti 20. Kijana wa Kibiti anamwandikia mfanyabiashara programu fupi kwa lugha ya C: ingiza idadi ya boriti, igawe kwa 20, upate korija, kisha zidisha kwa bei. Anaijaribu kwa boriti 40, inajibu korija 2. Anaijaribu kwa 100, inajibu 5. Anaikabidhi. Wiki ya pili inaletwa shehena ya boriti 50, na badala ya korija mbili na nusu programu inaandika 2. Boriti kumi zimepotea bila kelele. Skrini haikuonyesha ujumbe wowote wa hatari, wala programu haikusimama. Kilichopo ni tofauti kati ya hesabu ya mfanyabiashara na hesabu ya mashine. Hiyo ni hitilafu kwa maana yake kamili.

Sasa kijana anafungua GDB. Anaweka kituo kwenye mstari wa kugawa, jinsi daladala inavyopangiwa mahali pa kusimama, kisha anairuhusu programu itembee. Inafika kituoni, inasimama. Anaiuliza: idadi ya boriti ni ngapi? Inajibu 50. Anaisogeza hatua moja mbele na kuuliza tena: korija ngapi? Inajibu 2. Mahali nusu ilipodondokea pameonekana, napo ni pale pa kugawa, si kwenye kuingiza wala kwenye bei. Katika C, namba kamili ikigawiwa kwa namba kamili hutoa namba kamili, na kinachobaki hutupwa.

Hadi hapo GDB haijarekebisha chochote, na haitarekebisha. Imesimamisha, imefunua, imejibu maswali. Jina la Kiingereza linaahidi kuondoa wadudu, ilhali chombo chenyewe hakiondoi hata mmoja. Samaki wa kwenye nembo naye anaahidi zaidi ya kinachotolewa.

Majina kadhaa ya Kiswahili yanayojitokeza yamerithi ahadi hiyo. Kitatuzi kinasema kwamba tatizo litatatuliwa. Kirekebishi kinasema kwamba patarekebishwa. Kiondoa hitilafu kimetafsiri Kiingereza kipande kwa kipande, pamoja na udhaifu wake. Wengi kazini hawajisumbui: husema wanadibagi, wakaendelea. Kudibagi si dhambi, Kiswahili kimemeza maneno mengi ya namna hiyo. Shida yake ni kwamba mwanafunzi wa kidato cha pili anayelisikia mara ya kwanza hapati hata kidokezo cha kinachofanyika.

Kwa mafundi wa vyombo vya baharini, kutafuta na kurekebisha ni kazi mbili, na kila moja ina jina lake. Mashua inayovuja huvutwa mchangani. Fundi hakimbilii nyundo. Hutazama maungio ya mbao moja baada ya jingine, akifuata mahali maji yaliyobaki ngamani yanapochuruzika kwa nje, akigusa kwa kidole palipo na unyevu. Akishapajua, ndipo huja kalafati: pamba iliyotiwa mafuta, ikishindiliwa kwenye ufa kwa chembeu na nyundo, kisha deheni ikapakwa juu. Kalafati ni jina la kile kinachoziba na ni kitenzi cha kuziba. Hakuna anayeita kutafuta ufa kukalafati. Fundi akipiga kalafati pasipovuja, atakuwa amemaliza pamba na mashua itaingia maji kesho kama jana.

Delta yenyewe ina kisa kinachoonyesha mgawanyo huo kwa ukubwa zaidi. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikarudi kujificha kwenye mikondo ya Rufiji kwa kuwa mtambo wake ulipata hitilafu. Vipuri vilivyoharibika vilibebwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa na kurudishwa. Hatimaye Waingereza walileta meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zilizoweza kupanda mto. Shambulio la tarehe 6 Julai 1915 halikumaliza kazi. Lile la tarehe 11 lilimaliza. Wapiga mizinga hawakuwa wakiiona shabaha yao, kwani msitu wa mikoko ulikuwa katikati. Walioiona walikuwa ndani ya ndege juu yao, wakituma kwa redio habari za kila kombora lilikoangukia, na mizinga ikawa inarekebishwa kwa kufuata habari hizo. Ndege haikufyatua mzinga hata mmoja. Bila ndege, hata hivyo, makombora yangeendelea kupasua tope.

Kwa kupima hivyo, jina linalofaa zaidi ni la kusaka. Kusaka ni kutafuta kwa bidii kitu kilichojificha, kama polisi wanavyofanya msako au mwindaji porini. Na Kiswahili kina kiwanda cha zamani cha majina ya vyombo: chukua kitenzi, kitangulizie ki-, kisha taja kinachotendwa. Kipimajoto kimetoka huko, na kipaza sauti, na kinasa sauti, na kifungua chupa. Kwa kanuni ileile tunapata kisaka hitilafu, na wingi wake visaka hitilafu, bila kuvunja sarufi popote. Ki- hiyo haidai kwamba chombo kinajisakia chenyewe, kama ambavyo kifungua chupa hakijifungulii chupa mezani. Kuna mkono unaokishika.

Kitenzi nacho kinanyooka. Pale Kiingereza kinaposema to debug kwa pumzi moja, Kiswahili kinaweza kutenganisha: kusaka hitilafu, kisha kurekebisha hitilafu. Mwalimu anaweza kutoa maksi tofauti kwa kila hatua. Msimamizi wa mradi anaweza kuuliza, hitilafu ile imeshapatikana au imesharekebishwa? Ni maswali mawili yenye majibu mawili.

Jina lolote linalopendekezwa hupita kwanza midomoni mwa watumiaji, na usanifishaji ni kazi ya BAKITA, baraza lililoundwa mwaka 1967. Kabla ya huko kuna jaribio la haraka ambalo mwandishi yeyote anaweza kulifanya: aandike tangazo zima la toleo na kulisoma kwa sauti. Kwa GDB tangazo lingekwenda hivi: “Toleo la 16.1 la kisaka hitilafu cha GDB limetoka. Unaweza kulipakua hapa. Mabadiliko yote yameorodheshwa chini, na mwongozo umesasishwa.” Kiwakilishi kinakaa, upatanisho unakaa, na msomaji asiyewahi kuiona GDB amepata fununu ya kazi yake.

Tangazo hilo lina namba moja inayohitaji maelezo, na hapa tovuti nyingi huwaacha wageni gizani. Kabla ya 16.1 kulikuwa na 16.0.90. Hilo ni toleo la majaribio, linalotolewa ili watu walibane na kuripoti hitilafu zilizobaki, na ile 90 inaashiria kwamba safari imekaribia mwisho. Toleo kamili la kwanza huishia na .1. Mfasiri akiyaita yote mawili toleo jipya, atamfanya mtu apakue la majaribio akidhani ndilo lililokamilika. Toleo la majaribio na toleo kamili yanatosha. Neno sasisho libaki kwa marekebisho madogo yanayofuata juu ya toleo lililokwisha kutoka.

Programu ya korija nayo ilipata toleo la pili. Kijana alirudi kwenye mstari ule wa kugawa, akafuta 20 na kuandika 20.0, na korija akaipa nafasi ya kubeba sehemu za namba. Akaweka kituo palepale, akaingiza boriti 50 na kuuliza tena. Safari hii GDB ilijibu 2.5.